Kabla hujashika kikokotoo, uliza baki

Foleni ya Kwa Aziz Ali, Dar es Salaam, imenifundisha namba kuliko darasa. Daladala imesimama, konda na abiria wanazozana juu ya chenji, mimi nasoma namba za magari. T 784: namba mraba, 28 mara 28. T 864: siyo. Sasa inakosa nini?

Hiyo 864 naipeleka sana tuisheni. Ivunje kwa namba tasa: 2 inatokea mara tano, 3 mara tatu. Kwenye namba mraba kila tasa ina mwenza wake. Hapa 2 moja na 3 moja zimebaki kapera. Zidisha kwa 6 upate 5,184, yaani 72 mara 72. Ukitaka kipeo cha tatu, panga tatu-tatu: 3 zimetimia, 2 inadai moja tu. 864 mara 2 ni 1,728, yaani 12 mara 12 mara 12.

Aibu yangu ni ya kidato cha tatu. Tuliambiwa tuoneshe kwamba katika 11, 111, 1111 na kuendelea hamna namba mraba hata moja. Nikajaza ukurasa mzima wa kaunta buku nikitafuta vipeuo, nikafika tarakimu saba, nikaandika "na kadhalika". Nikapewa sifuri, na ilikuwa haki yangu.

Dawa ilikuwa kugawa kwa 4. Shufwa ikijizidisha yenyewe haibakizi kitu. Witiri iandike 2k + 1, izidishe kwa yenyewe: 4k² + 4k + 1, baki 1. Basi hakuna namba mraba inayobakiza 2 wala 3. Na kwa kuwa 100 inagawanyika kwa 4, tazama tarakimu mbili za mwisho tu. Zote zinaishia na 11, na 11 inabakiza 3. Kwisha habari, hata tarakimu hizo za 1 ziwe milioni.

Ila usigeuze! Baki 1 si cheti: 21 inabakiza 1 na si mraba. Vijana wangu wengi hunasa hapo.

Kwa vipeo vya tatu, 4 haina makali sana, gawa kwa 9. Baki zake ni 0, 1 au 8 tu, na ukijumlisha mbili kati ya hizo huwezi kupata baki ya 3, 4, 5 wala 6. Juzi mbele yetu kulikuwa na T 409. Tarakimu zinajumlika 13, na ukigawa kwa 9 jumla ya tarakimu hubakiza sawa na namba yenyewe, hivyo baki 4: haiwezi kuwa jumla ya vipeo viwili vya tatu, hata ukiruhusu namba hasi. Nilimaliza hilo konda hajarudisha chenji.