Nondo za faiba kwa nyumba ya pwani: muuzaji na fundi, nani mkweli?

SWALI: Assalamu alaykum Bi Mhandisi. Najenga nyumba ya ghorofa moja hapa Mkoani, karibu sana na bahari. Kwa jirani yangu bimu zimepasuka kwa chini na nondo zinaonekana, zimeliwa na kutu. Nilipokwenda Unguja muuzaji mmoja alinionesha nondo za faiba. Anasema hazishiki kutu na zina nguvu mara mbili ya chuma, kwa hiyo nifunge nusu tu ya zile za kwenye ramani. Fundi wangu hazitaki, anasema hazikunjiki. Nimsikilize nani?
Msomaji, Mkoani, Pemba

JIBU: Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Kwa kutu, muuzaji kasema kweli. Nondo hizo ni nyuzi za kioo zilizoshikwa na rezini, yaani gundi inayokauka ikawa ngumu, ukoo mmoja na boti za faiba unazoziona bandarini kwenu, na chumvi haizitii kutu. Hata nguvu ya kuvutwa ipo: chuma cha kawaida huanza kulegea kwenye megapaskali 500 hivi (ndicho kipimo cha nguvu hiyo), faiba hukatika kati ya 600 na 1,000.

Hilo la kufunga nusu likatae leo hii. Nguvu ni kitu kimoja, ugumu, yaani kukataa kuvutika ukitiwa mzigo, ni kitu kingine. Ugumu wa chuma ni gigapaskali 200. Wa faiba ni 45 hadi 60. Ukiondoa chuma kwenye bimu ya sebule ukaweka faiba ya unene ule ule na idadi ile ile, bimu inaweza kubonyea mara tatu au zaidi ya ilivyopigiwa hesabu. Nyufa zitapanuka, vigae vya juu vitang'oka, milango itakwama. Na hapo hujapunguza hata nondo moja!

Linalonitia hofu zaidi ni hili. Chuma kikizidiwa huvutika kwanza: bimu hulegea, watu wakaiona, wakatoka. Faiba hubeba, hubeba, kisha hukatika ghafla. Tena ikikaa na mzigo mzito miaka na miaka huweza kukatika kabla ya kufika nguvu yake kamili. Ndiyo maana kanuni ya Marekani ya mwaka 2022, ACI 440.11, hairuhusu mzigo wa kudumu upite asilimia 30 ya nguvu ya nondo. Ile "mara mbili" ya muuzaji imekwisha hapo.

Fundi wako naye msikilize. Rezini ikishakauka haikunjiki, na ukiitia moto utaiunguza tu. Ringi (zile zinazozunguka nondo ndefu) na viwiko vya faiba hukunjwa kiwandani, na kwenye kona nguvu hupungua sana. Wapo wanaofunga nondo ndefu za faiba na ringi za chuma. Kwa pwani silipendi, kwa sababu ringi ndizo zilizo karibu na uso wa zege, ndizo zinazotangulia kuoza.

Kuhusu miaka: zege lina magadi makali, na kioo hakipatani na magadi. Kule Canada gati la Hall's Harbour lilifungwa faiba mwaka 1999, na zege lilipokatwa vipande kukaguliwa, miaka michache baadaye, nyuzi zilikutwa nzima. Habari hiyo nimeifurahia, lakini kule ni baridi, na joto huyachochea magadi. Kwa hiyo hapa kwetu rezini ndiyo inayoamua. Mwombe muuzaji cheti cha kiwanda kinachosema rezini yake ni ya aina ya vinili esta, si poliesta. Hana cheti, usinunue.

Nyumba ingekuwa yangu, faiba ningeitia kwenye sakafu ya chini, kibarazani na kwenye ukuta wa kuzuia mawimbi. Wakimwaga zege, nondo hizo ziwe zimefungwa chini barabara, maana ni nyepesi na huelea. Bimu, nguzo na jamvi la juu ningebaki na chuma, kava (zege linaloifunika nondo) ya milimita 50, bila mchanga wa ufukweni wala maji ya kisima chenye chumvi. Ukitaka faiba huko juu pia, mhandisi apige hesabu upya tangu mwanzo. Na jirani yako mwambie asizibe nyufa zile kwa plasta. Kutu inaendelea ndani, na zege linaweza kumwangukia mtu.

SWALI: Bi Mhandisi, tangi langu la faiba lipo juani juu ya paa. Linatoa unga mweupe na nyuzi zimeanza kuchoma mikono. Limekwisha?
Msomaji, Makunduchi

JIBU: Kama halivuji wala halijapasuka, bado. Jua limekula rezini ya juu. Vaa glavu na barakoa, lisugue kwa msasa na maji, likauke, kisha lipake rangi ya nje inayokubali faiba. Ndani usipake rangi hiyo, ni maji ya kunywa. Na lijengee kivuli.