Kabla hujalipia mbambakofi, tazama ukingo wa ubao

Watu wanaokarabati nyumba hapa Lamu huniuliza kama mbambakofi yafaa gharama yake. Yafaa, ila si kila mahali ndani ya nyumba, na si kila ubao unaouzwa kwa jina hilo. Nimesimamia matengenezo ya nyumba za mawe Mkomani na Langoni, nikavutana na wauzaji na mafundi, na haya ndiyo ningemwambia ndugu yangu kabla hajatia mkono mfukoni.

Mti wenyewe kitaalamu ni Afzelia quanzensis, na kule Tanzania wengi huuita mkongo. Huota kuanzia Somalia hadi Afrika Kusini. Watoto huujua kwa mbegu zake nyeusi zenye kofia nyekundu. Mbao zake zikikauka huwa na uzito wa kilo 700 hadi 900 kwa mita moja ya ujazo, ndiyo maana mwenye punda akiuona mzigo pale gatini hupandisha bei kabla hujasalimia.

Kinachoufanya upendwe hapa ni kiini chake, ile sehemu ya ndani yenye wekundu wa kahawia. Mchwa hawakiwezi, na ukungu nao haukipati kwa urahisi. Tena mbao zikishakauka vizuri hazichezi sana: mlango uliokaa sawa wakati wa kaskazi hautakulazimisha kuusukuma kwa bega masika yakiingia. Wajenzi wa majahazi wa Matondoni wameutumia miaka mingi kwa sababu hizo hizo.

Sasa tazama ukingo. Pembeni mwa kiini pana mkanda mweupe, wa kimanjano hafifu, na huo mkanda hauna ile nguvu. Dumuzi, wale wadudu watoboao mbao, huuingia. Utaona vitundu vidogo kama vya sindano, na chini yake unga laini umemwagika sakafuni. Nimeona mwimo wa mlango, yaani ubao wa wima wa pembeni mwa fremu, ambao upande mmoja ulikuwa mgumu kiasi cha kukataa kisu, na upande wa pili, upana wa vidole viwili tu, kisu kilizama kama kwenye biskuti. Ulikuwa ubao mmoja, wa mti mmoja. Basi ukienda kununua, geuza kila ubao utazame pande zote nne na ncha zake. Ukikuta umepakwa rangi ya kahawia tayari, kwangua kwa kucha au kisu. Muuzaji mwenye mali safi hana haja ya kuipaka rangi.

Wengine watakuuzia dawa ya mchwa pamoja na mbao. Kwa huo mkanda mweupe dawa inasaidia. Kwa kiini ni kupoteza hela, kwani hakinywi dawa, na wala hakiihitaji. Mimi huwa namwambia fundi aupasue mkanda wote autoe, hata kama ubao utapungua inchi.

Kuhusu ukavu nisikilize vizuri. Mbambakofi hukauka polepole. Ubao uliopasuliwa juzi hauwezi kuwa mlango mwezi huu, hata fundi akuapie. Uupange kivulini, juu ya vipande vya mbao ili hewa ipite katikati, uuache miezi. Ncha zipakwe rangi au nta zisipasuke. Ukiwa na haraka, nunua mbao kuukuu. Nyumba zinazobomolewa au kutengenezwa hutoa vizingiti, ngazi na mifaa (ile nguzo ya katikati ya mlango wa mbao mbili) ya zamani iliyokwisha kukauka zamani hizo, na ukikwangua ule weusi wa juu unakuta wekundu ule ule. Kagua misumari tu, maana msumari mmoja uliojificha humaliza meno ya msumeno, na fundi atakudai.

Mahali pa kuutumia ni pale penye maji, uzito na kuguswaguswa: kizingiti cha chini, miimo, mfaa, kidato cha ngazi, fremu za madirisha yanayotazama bahari, mlango wa choo. Rafu na makabati ya chumbani sioni sababu. Mvule unatosha, na seremala atakushukuru kwa sababu ni mwepesi zaidi, ingawa nao wakati mwingine huwa na vijiwe ndani vinavyotafuna msumeno. Dari waachie boriti za mikoko. Vyumba vya Lamu ni vyembamba hivi kwa sababu ya urefu wa hizo boriti, na nyumba zimesimama.

Fundi wako asigongelee msumari moja kwa moja. Nyuzi za mti huu zimesukana na ubao utapasuka, au msumari upinde. Atoboe kwanza, kisha atumie parafujo za shaba, au za chuma kilichopakwa zinki kama mfuko hauruhusu. Chuma kitupu kwenye hewa hii ya chumvi kinaota kutu na kuacha doa jeusi. Akipiga msasa avae barakoa. Vumbi lake huwasha pua, na fundi anayepiga chafya siku nzima hachongi maua ya maana.

Dai pia karatasi. Mbao za asili zinahitaji kibali cha Huduma ya Misitu ya Kenya (KFS) ili zisafirishwe, na serikali iliposimamisha ukataji katika misitu ya umma na ya jamii mwaka 2018, ukaguzi ulikuwa mkali. Mbao zisizo na kibali zikikamatwa njiani, hela uliyotanguliza usiihesabu tena. Mti huu hukua taratibu, na hilo nalo ni sababu ya kununua kidogo na kununua vizuri.

Mlango ukishasimama, upake mafuta ya kitani, matabaka membamba, kila moja likauke kabla ya linalofuata. Vanishi inayong'aa itapendeza mwanzoni, lakini upande unaopigwa na jua itaanza kubanduka na utalazimika kuikwangua yote. Mafuta unarudia tu, kwa kitambaa, kila mwaka kabla ya mvua. Na zile mbao fupi zilizobaki usimpe fundi aende nazo: zinatosha vibao vya mbuzi ya kukunia nazi, miguu ya kitanda na makomeo.