Boti ya jeti ikigoma kuwaka, uliza imefikaje hapo

Fundi mgeni akiitwa kwenye boti iliyogoma kuwaka, mkono wake unakwenda moja kwa moja kwenye sanduku la spana. Namwelewa. Mwenye boti amesimama pembeni, anataka kuona kazi inafanyika, na kufungua nati kunaonekana kuwa kazi kuliko kusimama na kuuliza maswali. Lakini injini hizi zimenifundisha kwamba zile dakika chache kabla ya kushika spana ndizo zinazoamua kama utamaliza mapema au utaiharibu injini ya mtu.

Kwanza ielewe boti yenyewe. Nje haina pangaboi. Chini ya tumbo lake kuna mdomo wenye vyuma vya kuzuia takataka, maji yanavutwa hapo na impela, yaani pangaboi dogo lililofungiwa ndani ya pampu, kisha yanasukumwa nyuma kwa nguvu kupitia nozeli. William Hamilton wa New Zealand, aliyeiendeleza boti hii miaka ya 1950, alikuwa akitafuta namna ya kupita kwenye mito yenye maji machache na mawe mengi, ndiyo maana hakuna kitu kinachoning'inia chini. Sasa shika mambo mawili. Kwenye boti nyingi ndogo za aina hii shafti ya impela imeungwa moja kwa moja na injini, hakuna giaboksi katikati, kwa hiyo injini haiwezi kuzunguka bila pampu kuzunguka. Pili, mara nyingi pampu hiyohiyo ndiyo inayopeleka maji ya kupoza injini na ekzosi. Maana yake ni kwamba jiwe lililo kwenye pampu linaweza kuizuia injini isizunguke, na maji ya nje yana njia ya kufika ndani ya silinda. Fundi wa magari aliyehamia kwenye boti huwa hayafikirii hayo mawili, na hapo ndipo anapopotea.

Kabla ya kugusa ufunguo, fungua kifuniko cha injini unuse. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kutulia kwenye ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, na cheche moja inatosha kulipua boti. Kama boti ina feni ya kutoa hewa ya chumba cha injini, iache izunguke dakika 4 au zaidi, kisha unuse tena, maana feni haiwezi kukuambia kwamba kuna mpira unaovuja. Ukisikia harufu, kazi yako siku hiyo ni kutafuta uvujaji, na suala la kuwaka litasubiri. Na usikubali kamwe kufunga stata (mota inayoizungusha injini iwake) au alteneta (inayochaji betri) ya gari kwenye boti ya petroli hata kama matundu ya bolti yanalingana. Za boti zimezibwa ili cheche za ndani zisikutane na mvuke ulio nje. Kwa nje zinafanana kabisa, na kufanana huko kunaweza kuua watu.

Baada ya hapo muulize mwenye boti: mara ya mwisho iliwaka lini? Ilizimwa au ilijizima yenyewe? Imefikaje hapa? Ilioshwa? Muulize kwa upole, kwa sababu wengi wanaona aibu kusema walichokwisha kujaribu. Ukishasikia majibu, piga stata mara moja tu, na usikilize.

Ukikuta kimya kabisa, anza na kamba ya usalama, ile ambayo dereva hujifunga mkononi au kwenye jaketi. Ikiwa imechomoka au kishikizo chake kimelegea, baadhi ya boti hazipigi stata kabisa, na nyingine zinapiga stata vizuri ila plagi hazitoi moto. Nimewahi kuona plagi mpya nne zimefungwa kwa sababu ya kishikizo hicho. Angalia pia swichi kuu ya betri na mkono wa kwenda mbele na nyuma, kwa kuwa boti nyingi haziruhusu stata mpaka mkono uwe katikati.

Kisha betri. Ikiwa imejaa na imepumzika, mita itasoma karibu volti 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu, na chini ya 12 usiitegemee. Lakini namba ya betri iliyopumzika inadanganya. Mwambie mwenzako apige stata huku ukiitazama mita: ikishuka chini ya volti 10 au karibu na hapo, betri ni dhaifu hata kama asubuhi ilisoma vizuri.

Betri ikiwa nzima na stata bado ni kimya au inazunguka kivivu, wageni wengi wananunua stata. Ngoja. Chukua mita, weka ncha moja kwenye nguzo yenyewe ya chanya ya betri, ile risasi iliyo katikati, usiiweke kwenye kishikio cha waya. Ncha nyingine iweke kwenye bolti ya stata inayopokea waya mnene. Piga stata na usome. Ikizidi nusu volti, umeme unapotea njiani. Rudia upande wa ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, kutoka nguzo ya hasi mpaka kwenye mwili wa stata. Siku moja nilikuta volti 3 zinapotea kwenye waya uliokuwa unang'aa kama mpya. Nilipoukata ule mpira karibu na kichwa cha waya, shaba ya ndani ilikuwa imegeuka unga wa kijani na nyuzi zilizobaki nzima zilikuwa chache. Maji ya chumvi yalipanda ndani ya mpira kidogokidogo, na kwa macho ya nje huwezi kuyaona. Kipimo hiki hakichukui hata dakika 5, na kwa maoni yangu ndicho cha kwanza ambacho fundi wa boti anapaswa kukijua kwa moyo.

Sasa ile sauti inayonitia wasiwasi kuliko zote: "tok" moja nzito, kisha injini inagoma. Stata imeuma, umeme upo, lakini kuna kitu kinazuia. Hapo toa kidole chako kwenye swichi na usirudie.

Mwaka wangu wa pili kazini tuliletewa boti ya silinda nne. Mwenyewe alisema betri imekufa. Tukaweka betri nyingine, ikafanya "tok". Tukafungua stata, tukaipima nje, ikazunguka vizuri. Tukairudisha, tukaongeza betri ya pili ili ipate nguvu, na mimi ndiye niliyebonyeza. Injini ilisogea kidogo kwa uzito, ikatoa mlio kama wa chuma kinachokunjwa, ikasimama. Silinda ilikuwa imejaa maji. Pistoni inaweza kugandamiza hewa, maji hayagandamiziki, kwa hiyo nguvu yote tuliyoiongeza ilikwenda kuikunja konrodi, chuma kinachounganisha pistoni na kranki. Jioni ndipo tulipojua kwamba boti ile iliishiwa mafuta mbali na ufukwe, ikakokotwa kwa kasi mpaka gatini. Boti ya jeti ikikokotwa kwa kasi, maji yanasukumwa kupitia pampu hadi kwenye mfumo wa kupoza, yanajaza ekzosi, na kwa kuwa injini imezimwa hakuna kitu cha kuyatoa nje, yanarudi hadi kwenye silinda. Hatukuwa tumeuliza imefikaje. Swali moja lingeokoa injini ile, na tangu hapo sijawahi kuliacha.

Basi ukisikia "tok", toa ufunguo, chomoa kamba ya usalama, tenganisha betri, kisha fungua plagi zote. Jaribu kuizungusha injini kwa mkono, kwa spana kwenye puli ya kranki, kuelekea upande wake wa kawaida. Plagi zikiwa nje na injini ikazunguka kwa wepesi, kilichokuwa kinazuia ni maji au mafuta ndani ya silinda. Ikigoma vilevile hata bila plagi, tatizo liko kwenye pampu, kwenye stata iliyoganda, au injini yenyewe imekamata.

Kama ni maji, yatolewe. Chomoa soketi za koili ili kusiwe na cheche, na fyuzi ya pampu ya mafuta ili petroli isinyunyizwe. Rudisha betri na kamba ya usalama, kaa mbali na matundu ya plagi, kisha piga stata kwa vipindi vifupi. Maji yatatoka kama mvua. Endelea mpaka itoke hewa tupu. Kisha angalia oili: ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia hadi kwenye oili. Imwage, badilisha na filta, na uwe tayari kurudia mara 2 au 3 mpaka oili ibaki safi. Fanya yote siku hiyohiyo na injini iwake siku hiyohiyo. Kutu haisubiri kesho, hasa maji yakiwa ya chumvi.

Njia nyingine ya maji kuingia ni kuosha. Kwenye injini zinazopozwa na maji ya pampu ya jeti, ukiunganisha mpira na kufungua bomba huku injini imezimwa, utaijaza mwenyewe kwa mkono wako. Injini kwanza, maji baadaye. Ukimaliza, maji kwanza, injini baadaye. Baada ya kufunga bomba iache sekunde chache iteme yaliyobaki, kisha zima, isiunguze mipira ya ekzosi. Lakini soma kitabu cha injini husika, kwa sababu zipo boti za jeti ambazo injini yake ina pampu yake ya maji yenye mapezi ya raba, na hizo zinataka mpangilio mwingine. Kuhusu kukokota, vitabu vingi vinaweka mwisho karibu kilomita 8 kwa saa, au vinaagiza kubana mpira unaotoa maji kwenye pampu kabla ya kuanza safari.

Kama injini imegoma hata bila plagi, nenda chini kwenye mdomo wa pampu. Nafasi kati ya ncha za impela na ukuta wake kwa kawaida ni chini ya milimita moja, kwa hiyo kokoto dogo tu linaweza kujibana na kuikamata injini nzima. Kamba ya nailoni ni mbaya zaidi, inajisokota kwenye shafti mpaka inakuwa ngumu kama mti, na hapo ni kisu na subira. Usiingize mkono wako humo kabla ya kutenganisha betri. Sijali kama ufunguo uko mfukoni mwako. Impela na injini ni kitu kimoja, na ikisogea hata robo mzunguko vidole vyako havitakuwa na pa kukimbilia.

Sauti ya tatu ni ile ya injini inayozunguka vizuri bila kushika. Hii ni rahisi kidogo, kwa kuwa inafanana na injini nyingine yoyote. Usipige stata zaidi ya sekunde 10 kwa mara moja, iache ipoe dakika 2 hivi. Kama ni ya sindano za mafuta, washa ufunguo bila kupiga stata na usikilize pampu ya mafuta: kwenye nyingi utasikia mvumo wa sekunde 2 au 3. Usiposikia, nenda kwenye fyuzi na rilei, swichi ndogo ya umeme inayoiwasha pampu. Kisha toa plagi moja, ikupe ushahidi. Ikiwa kavu baada ya kupiga stata mara kadhaa, mafuta hayafiki. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika, tafuta moto. Ikiwa imelowa na haina harufu ya petroli, hayo ni maji, rudi juu nilikokueleza. Moto upime kwa kifaa cha kupimia cheche kinachounganishwa kwenye waya. Ile tabia ya kushika plagi kwenye chuma juu ya chumba cha injini chenye mvuke iache kabisa.

Mafuta yenyewe yaone kwa macho. Chota kidogo kutoka kwenye filta, tia kwenye chupa safi ya kioo, uiache itulie. Maji yatakaa chini na utaona mstari. Boti iliyolala miezi kadhaa na tangi nusu ndiyo inayoshikwa zaidi na hili, hasa petroli ikiwa na ethanoli, ambayo hunywa unyevu mpaka ikajitenga na kuzama. Hapo ni kumwaga tangi zima. Na injini ikiwaka dakika chache kisha ikafa kana kwamba imekabwa, legeza kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa inavutwa ndani, tundu la kupumulia limeziba, mara nyingi kwa nyumba ya mdudu.

Ikishawaka, usiikabidhi bado. Ipeleke majini penye kina cha sentimita 90 au zaidi, maana penye maji machache itavuta mchanga na mawe na utarudi pale pale kwenye "tok". Hakikisha hakuna mtu nyuma ya nozeli, iwashe, iache ipate joto, izime, ngoja dakika 10, iwashe tena. Injini nyingi nilizorudishiwa zilikuwa zinawaka vizuri zikiwa baridi, zikagoma zilipopata joto.