Video za biashara darasani: isimamishe kabla hawajaona mwisho

Mimi nafundisha ujasiriamali kwenye vikundi vya vijana na kina mama, wengi biashara wanazo tayari, huyu chipsi, yule genge, mwingine kuku wa mayai. Ukianza kuwachorea ubaoni habari za mtaji na hisa wanakusikiliza kwa heshima tu, ila weka video ya mtu anaomba hela kwa matajiri uone viti vinavyosogezwa mbele. Sasa walimu wenzangu naomba msiwawekee video nzima. Simamisha pale mtu anapotakiwa kuamua, halafu waamue wao kwanza.

Ninayoitumia sana ni ya Levi Roots, Mjamaika wa London, mwaka 2007 aliingia na gitaa kwenye Dragons' Den, kipindi cha TV cha BBC ambacho wafanyabiashara wanaomba mtaji kwa wawekezaji matajiri, akaimba kuhusu sosi yake. Akaomba pauni 50,000 kwa asilimia 20 ya biashara. Hapo nasimamisha, nawaambia haya shikeni kalamu, kama asilimia 20 ni 50,000 biashara nzima anaithamini shilingapi? Wakipata 250,000 kelele zinaanza, sosi tu hiyo mwalimu! Naiachia kidogo, wawekezaji wawili wanakubali kutoa 50,000 ile ile lakini wanataka asilimia 40, nasimamisha tena. Yaani thamani imeshuka mpaka 125,000. Ungekuwa wewe ungekubali? Hapa sina haraka kabisa, nawaacha wabishane hata kipindi kizima, maana kuna atakayesema wachukue tu bora niuze nchi nzima, na kuna atakayesema kesho watanitoa kwenye biashara yangu, na mwingine atakumbuka kwamba asilimia 60 bado ni ya kwake. Wakishamaliza ndo nawaonyesha kwamba alikubali, na sosi ikaja kuuzwa Sainsbury's, supamaketi kubwa za Uingereza.

Kuna kipande kingine humo humo nakipenda, alisema ana oda ya lita milioni 2.5 kumbe karatasi yenyewe inasema kilo 2,500. Nikifika hapo nauliza nani anaweza kunitajia mauzo yake ya jana na ushahidi wake uko wapi. Madaftari yanaanza kutoka kwenye mikoba.

Ila waambie pia kinachorushwa ni dakika chache za mazungumzo marefu, na kukubaliana mbele ya kamera sio mkataba, mahesabu yanakaguliwa baadaye na dili zingine zinafia hapo.

Kama wanafunzi wako Kiingereza kinawasumbua zima sauti usimulie mwenyewe, au tumia Shamba Shape Up, kipindi cha TV cha Kenya, ipo ya Kiswahili, timu inaenda kwa mkulima inamsaidia kurekebisha banda, malisho, mazao. Bei za humo usizichukue kama zilivyo. Watume wakaulize duka la pembejeo mfuko wa chakula cha kuku leo ni bei gani, warudi wapige hesabu upya kwa kuku wao wenyewe.

Usitegemee intaneti ya ukumbini, pakua mapema uweke kwenye flashi, na spika ubebe yako.

Zile klipu za "nilianza na elfu kumi leo nina magari" mimi siziingizi darasani. Kwanza natafuta humo ndani kodi ya fremu analipa ngapi, kwa siku anauza ngapi, faida inabaki ngapi, na ule mwaka wa kwanza alikuwa anakula kwa hela ya nani. Isipojibu hata moja naifuta.