Maswali Yenu: Eksirei za Nyota, Roketi na Dakika Tano

Nilipogusia roketi zinazochungulia eksirei za anga kwa kifaa kiitwacho gretingi na kurudi chini bila kuizunguka Dunia, maswali yalimiminika. Nayajibu machache.

Darubini ziko milimani. Roketi ya nini?

Mlima hauko juu vya kutosha. Eksirei laini, yaani zenye nishati ndogo, zinazotoka kwenye gesi ya mamilioni ya nyuzi joto humezwa na hewa makumi ya kilomita juu ya vichwa vyetu. Ukizitaka, zifuate huko huko.

Inakaa huko muda gani?

Safari nzima ni kama robo saa. Ya kazi hasa ni dakika tano hivi. Usicheke. Juni 18, 1962, roketi ya Aerobee ilirushwa kutoka White Sands, jangwa la New Mexico, Marekani, ikatafute eksirei zitokazo Mwezini. Ilikaa juu ya kilomita 80 kwa sekunde 350 tu, na badala ya Mwezi ikakutana na Scorpius X-1, chanzo cha kwanza cha eksirei kujulikana nje ya mfumo wa Jua. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Nobel mwaka 2002.

Gretingi ndiyo nini?

Chukua CD, igeuze kwenye mwanga wa dirisha. Zile rangi zinaletwa na vijifereji vilivyopangana, kama 625 kwa kila milimita. Gretingi ni hiyo hiyo, ila yenye nidhamu: kila urefu wa wimbi unatupwa upande wake. Baadhi ya gretingi za roketi zina vijifereji zaidi ya 5000 kwa milimita moja. Tena eksirei haipigi uso kwa uso, ingezama humo. Inaletwa kwa pembe ndogo mno, kama kijiwe bapa kinachorushwa kirukeruke juu ya maji.

Kwani kitambuzi cha kawaida hakitoshi?

Hapa ndipo penye utamu. Oksijeni iliyobaki na elektroni mbili tu hutoa mistari mitatu ya eksirei iliyokaribiana, kwenye nanomita 2.16, 2.18 na 2.21. Kitambuzi cha CCD, kama kile cha kamera ya kidijitali, peke yake kinaona kichuguu kimoja. Gretingi inaitenganisha, na ukilinganisha nguvu ya mstari mmoja na mwingine unapata habari za gesi yenyewe. Gesi ikisongamana sana, kwa mfano, elektroni hugongana mara kwa mara na ule mstari wa 2.21 hufifia. Yaani unapima msongamano wa kitu ambacho hakuna atakayekigusa.

Satelaiti za eksirei Chandra na XMM-Newton zina gretingi tangu 1999. Si marudio haya?

Kwa nyota moja moja, satelaiti inashinda, sibishi. Tatizo ni mawingu makubwa. Cygnus Loop, mabaki ya nyota iliyolipuka, ina upana wa kama nyuzi tatu za pembe angani, Mwezi mpevu sita zikiwekwa ubavu kwa ubavu. Kila sehemu ya wingu huleta spektra yake, yaani mpangilio wa mistari yake, zote zikalaliana, ukabaki na ukungu. Chombo cha tREXS cha Chuo Kikuu cha Penn State, kilichorushwa mwaka 2022 kuelekea wingu hilo, kilitumia vizuizi vinavyochuja mwanga uingie kwa vipande vyembamba kabla ya kufika kwenye gretingi. Kuna na sababu nyingine: gretingi mpya hujaribiwa kwanza hapa, maana kosa la roketi linauma kidogo kuliko la satelaiti.

Kikishuka ndiyo basi?

La. Kinashuka kwa parachuti, kinaokotwa, kinakarabatiwa, kinarushwa tena. Jangwani ni rahisi. Ila mabaki ya Vela, nyota nyingine iliyolipuka, yako kusini, na ukiwa New Mexico yanakaribia kulala kwenye upeo wa macho. Kwa hiyo Aprili 2018 wenzetu walirusha chombo cha WRXR kutoka Kwajalein, Visiwa vya Marshall, kisha wakakivua baharini.