Barua kwa mwanangu aliyeuliza: kaboni, alumini au chuma?

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, na zile picha za baiskeli tatu nimezikuza mpaka simu ikapata moto. Umeuliza: "Mama, kwa vilima hivi vya Kigali ninunue baiskeli ya kaboni, ya alumini au ya chuma?" Umeandika bei, umeandika uzito, umeandika na sifa zote walizokumwagia wauzaji. Ila hakuna hata moja uliyoniambia umeipanda ukasikia mgongo unasemaje.

Nitaanzia hapo. Mimi si fundi, fundi alikuwa baba yako, Mungu amrehemu. Mimi nimekaa nyuma ya kaunta ya spea hapa Ngamiani, Tanga, miaka 31, na muuza spea anaijua baiskeli kwa kile kinachorudishwa dukani kikiwa kimevunjika.

Ile ya buluu, ya chuma, ndiyo iliyonipendeza, na ndiyo ya kwanza ninayoiondoa. Umeona stika ndogo kwenye bomba la kiti, Reynolds 531? Baba yako angesimama kuitazama kama mtu aliyekutana na ndugu yake. Hayo mabomba yalianza kutengenezwa Birmingham, Uingereza, mwaka 1935: chuma kilichotiwa manganizi na molibdenamu, kuta zake nene kwenye ncha ambako joto la kuunganisha linapita, na nyembamba katikati ambako hakuna kazi kubwa. Usiilinganishe na Phoenix ya kubebea magunia ya mkaa. Zote chuma, lakini chuma kwa chuma hazifanani, kama kanga na kanga.

Basi kwa nini naikataa? Kwa sababu muuzaji mwenyewe kaandika saizi 58. Hiyo ni ya mwanamume mrefu. Wewe umechukua kimo changu, 1.62. Atakwambia siti inashuka. Kweli inashuka, kwa ufunguo mmoja tu. Lakini umbali kutoka kwenye siti mpaka kwenye usukani umezaliwa na fremu, haushushwi. Utaendesha umejinyoosha kama mtu anayefikia embe la jirani, na baada ya mwezi shingo na viganja vitakuwa vinawaka moto. Ukifupisha kile kishikio cha usukani ili kukufuata, usukani unakuwa mwepesi mno, unayumba kwenye mteremko. Na Kigali hakuna unapokwenda bila mteremko.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza fremu ni ya nini, fanya hivi. Vua viatu, simama umeegemea ukuta, weka kitabu kigumu katikati ya miguu, mgongo wa kitabu juu, kibane kama unavyokalia siti. Piga alama ukutani, pima kutoka sakafuni. Zidisha kwa 0.883. Jibu ndilo urefu wa kuanzia, kutoka katikati ya kranki, ule mhimili unaozungushwa na pedali, hadi juu ya siti. Hesabu hiyo ilienezwa na Greg LeMond, yule Mmarekani aliyeshinda Tour de France mara 3. Ni ya kuanzia tu, goti lako ndilo litakalomaliza maneno.

Sasa hayo madini, maana najua hutaniacha nilale.

Chuma ni kizito karibu mara tatu ya alumini, ukilinganisha kipande kwa kipande cha ukubwa mmoja. Lakini pia kina ugumu wa kutopinda karibu mara tatu. Ndiyo maana mabomba ya ile ya buluu ni membamba kama mpini wa jembe, na ya ile nyekundu ya alumini ni manene kama mkono wa mtoto. Mwenye alumini anatafuta ugumu kwa unene wa bomba, si kwa uzito wa madini. Bomba likinenepa kidogo tu, ugumu unapanda sana. Humo ndimo alumini ilipopata sifa ya kuwa kavu, ya kumtetemesha mtu meno.

Mimi sifa hiyo siiamini yote. Enzi hizo watu walikuwa wanaendesha tairi za upana wa milimita 23, zimejazwa upepo mpaka zinalia kama ngoma. Lawama ikaangukia fremu. Hebu fikiri: fremu ni pembetatu mbili zilizoshikana. Pembetatu haibonyei kwenda chini, ndiyo kazi yake. Kinachobonyea ni tairi, na kidogo bomba la siti, na makalio yako. Ukitaka raha, uliza fremu inapitisha tairi la upana gani. Ile nyekundu umeandika inapokea mpaka 32. Hapo nilitabasamu peke yangu dukani. Weka 28 au 30, na kwa uzito wako jaza paundi sitini na kitu, si mia na ishirini kama vijana wanaojionesha. Yale mawe ya Kimihurura uliyonitumia video yake Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli yalipofika Afrika kwa mara ya kwanza, utayapanda bila kutapika.

Faida ya chuma ambayo watu wa huko hawakutajii ni hii: kinatengenezeka. Ulikuwa darasa la tano, hukumbuki labda, baiskeli ya mwalimu mmoja ilikatika pale bomba linapoingia karibu na kranki. Baba yako hakuipeleka kwa wachomelea mageti. Alisafisha kwa msasa mpaka chuma kikang'aa kama sarafu mpya, akapaka boraksi, akawasha gesi, akaupunguza ule mwali mpaka ukawa kidomo cha buluu. Akakipasha chuma polepole, mpaka kikawa chekundu cha kung'aa, kama kaa lililopepewa. Ndipo akagusisha ujiti wa shaba. Haukudondoka, ulinyweka. Shaba ilizunguka bomba yenyewe ikatafuta ufa, ikaingia. Ile baiskeli bado naiona ikipita sokoni.

Kinyume chake, kuna kijana alipata fremu nyembamba ya Kiitaliano kwenye mitumba, ikapata ufa mdogo, akaipeleka kwa fundi wa mageti na umeme wake. Kijiti kilipogusa tu, kikatoboa tundu la kupitisha kidole. Kwa hiyo ukisikia "chuma kila fundi anakichomea", uliza fundi gani, na kwa moto gani.

Na chuma kina adui, nasi tunaishi naye. Hapa Tanga chumvi inakula kutoka ndani, ambako huoni. Tena weka bomba la siti la alumini ndani ya fremu ya chuma bila grisi, uliache miaka miwili Raskazone: vinashikana kama mke na mume wa siku saba. Tumewahi kumwaga maji ya moto, tumening'iniza watu wawili kwenye siti, mwisho tukakata kwa msumeno. Huko kwenu hakuna bahari, lakini mvua ipo. Grisi ni bei ya soda.

Alumini haioti kutu ya wekundu, ila ina tabia nyingine. Chukua waya, pinda, nyoosha, pinda. Waya wa chuma ukiupinda kidogo sana, chini ya kiwango fulani, unaweza kuuchezea maisha. Alumini haina kiwango hicho, kila mtikisiko inauandika kwenye daftari. Usiogope lakini. Mtengenezaji mzuri anajua, ndiyo maana anaweka mabomba manene, na daftari hilo linachukua miaka mingi kujaa. Cha kufanya ni kuifuta vizuri kila wiki na kutazama maungio, hasa chini ya bomba la mbele karibu na usukani. Ukiona mstari mwembamba kwenye rangi, simama. Alumini iliyopasuka hatuichomei. Joto linaondoa ule ugumu iliopikiwa kiwandani, na hiyo oveni ya kuupika upya sijaiona Ngamiani.

Titani umeniuliza kwa mkato, nami nakujibu kwa mkato. Nimeishika mara moja, mpita njia mmoja aliyekuwa anashuka kutoka Mombasa aliingia dukani kutafuta tyubu. Haina rangi, haina kutu, nyepesi, tamu. Aliponitajia bei nilimrudishia baiskeli yake kwa mikono miwili. Ukiwa na watoto wawili wamemaliza shule, tutaongea.

Tuje kwenye kaboni, maana najua moyo wako umelala huko. Sikulaumu. Wakubwa wote waliopanda vile vilima walikuwa juu ya kaboni, Pogačar, yule Mslovenia, alishinda mashindano hayo juu ya kaboni. Ni nyuzi zilizolazwa na kushikwa kwa gundi maalumu, na uzuri wake ni kwamba mtengenezaji analaza nyuzi kule anakotaka nguvu: hapa ngumu, pale laini. Chuma hakikupi uhuru huo. Ni nyepesi mpaka chama cha dunia cha baiskeli, UCI, kimeweka mpaka: baiskeli ya mashindano haishuki chini ya kilo 6.8.

Lakini ile unayouziwa wewe ni ya mtu wa pili, au wa tatu. Picha ya nne kuanzia mwisho, kuza upande wa kushoto, chini kidogo ya siti. Kuna mkwaruzo wenye ncha, na rangi imeinuka kama ganda la kitunguu. Labda ni rangi tu. Labda mtu alikibana kifungo cha siti kwa nguvu za kufungia lori. Kaboni inavumilia mzigo mkubwa kule ilikotarajia, lakini kubanwa ovyo au kupigwa ubavuni na jiwe haikujiandaa. Chuma kikiumia kinapinda, kinakupa habari. Kaboni inaweza kuficha jeraha ndani na nje ikabaki imepakwa poda. Kama bado unaitamani, chukua sarafu, gonga polepole kulizunguka lile doa. Mlio ukiwa mkavu, wa kung'aa, halafu ghafla ukawa mzito kama unagonga mkate, ondoka. Hata mlio ukiwa mzuri, muulize ilianguka lini. Asiposema "haijawahi", akakuonesha palipotengenezwa na nani alitengeneza, huyo nitamwamini kuliko anayeapa.

Na ule wepesi, tuufanyie hesabu. Kaboni hiyo ni nyepesi kwa kilo moja na nusu kuliko ile nyekundu. Wewe, baiskeli, chupa za maji na viatu, tuseme kilo 70. Kilo moja na nusu ni kama asilimia mbili. Kilima cha dakika 10 utawahi kwa sekunde kumi na tatu hivi. Kwa anayetafuta medali, sekunde kumi na tatu ni nyumba na gari. Kwa anayetoka Jumamosi na wenzake halafu wanakaa kula brosheti, sioni.

Kitakachokupandisha kilima ni gia, na hukuniandikia hata neno. Kwenye picha ya nyekundu nimejaribu kuhesabu meno, naona mbele ndogo ni 34 na nyuma kubwa ni 34. Kama nimeona sawa, ukizungusha pedali mara moja tairi linazunguka mara moja, na hiyo ndiyo gia ya mtu wa Kigali. Ile ya kaboni ni ya mkimbiaji, nyuma inaishia 25. Utapanda umesimama, unalaani, na magoti yatanipigia simu mimi.

Kwa hiyo nichukulie ile nyekundu, ya alumini, yenye uma wa mbele wa kaboni. Lakini kwa masharti. Muombe muuzaji aiweke siti kwenye kipimo chako, kisha uizungushe nusu saa, kupanda na kushuka, si kulizunguka duka. Pale kranki inapopita, uliza kama vikombe vya beringi vimefungwa kwa hesi au vimegongewa tu. Vya hesi nakutafutia hata hapa, vya kugongewa vikianza kulia, vinalia mpaka mtaa mzima ujue umerudi. Na hapohapo dukani nunua kile kisikio kidogo cha alumini kinachoshika kibadilisha gia cha nyuma, cha ziada, cha fremu hiyohiyo. Baiskeli ikiangukia upande wa kulia ndicho kinachopinda, kila fremu ina chake, na hakuna duka linalokuwa nacho siku unayokihitaji.

Ile ya buluu mwambie mwenzako mmoja mrefu ainunue. Itaniuma ikienda kwa mtu atakayeining'iniza ukutani.

Nitumie kile kipimo cha ukutani kabla ya Ijumaa. Jirani yetu anakuja Kigali kwa basi wiki ijayo, nataka kumpa tyubu nne, viraka, sulusheni na grisi ya baba yako, kopo bado lina nusu. Karia hata usiniombe, ile fremu haina matundu ya kufungia, nimeshatazama.

Mama yako