Gari likilia "ta-ta-ta" bila kuwaka, usikimbilie kununua betri

Baridi ya Mbeya ikikaza, mwezi wa sita na wa saba, huku Uyole magari yanagoma asubuhi nyumba hadi nyumba. Alfajiri joto hushuka chini ya nyuzi 10, oili ya injini inakuwa nzito, na betri nayo inatoa nguvu pungufu kwa sababu kemikali zilizo ndani yake hufanya kazi polepole kwenye baridi. Betri iliyokuwa ikijikongoja tangu Machi, Juni inaumbuka. Lakini si kila gari linalogoma lina betri mbovu. Inaniuma kuona mtu anatoa pesa ya ada ya mtoto kununua betri, halafu gari linaendelea kulia vilevile.

Kabla ya yote, sikiliza. Ukipiga stata ukasikia ta-ta-ta-ta ya harakaharaka, maana yake selenoidi ya stata (swichi ya umeme ya ile mota inayozungusha injini) inavuta, mota inataka umeme mwingi, volti zinaanguka, selenoidi inaachia, kisha inavuta tena. Umeme upo, ila haufiki wa kutosha. Ukisikia "tak!" moja nzito halafu kimya, hapo stata yenyewe ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Washa taa kubwa uone: zikififia karibu kuzima unapopiga stata, tatizo ni betri au njia ya umeme, zikibaki ziking'aa, betri iache, nenda kwenye stata. Kama hakuna mlio wowote, hilo ni jambo jingine, ingawa kwa gari la otomatiki inafaa ujaribu kupiga stata gia ikiwa N, yaani huru.

Jirani yangu, mama anayepeleka viazi sokoni kwa pikapu, aliniita asubuhi moja. "Mwanangu, betri ni mpya kabisa, nimeinunua juzi, na bado linalia tu!" Nikaenda na mita yangu ya kupimia umeme. Betri ilisoma volti 12.6, yaani imejaa. Akapiga stata, ta-ta-ta, huku nimeshika ncha za mita kwenye vichwa vya betri: volti hazikushuka sana. Betri ilikuwa haina kosa. Nikahamisha ncha moja kwenye chuma kitupu cha injini, nyingine nikaibakiza kwenye kichwa cha hasi, akapiga tena. Mita ikaruka kupita volti 3. Hapo panatakiwa pasizidi nusu volti.

Ulikuwa waya wa ethi, ule unaotoka hasi kwenda kwenye injini. Bolti yake ilikuwa imelegea na imejaa kutu chini ya tope lililoganda. Stata inakula umeme mwingi mno, na njia ikibana sehemu moja tu, umeme unaishia pale, sawa na mpira wa maji uliokanyagwa. Tulifungua, tukasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, tukakaza. Liliwaka papo hapo. Betri ya zamani alikuwa ameshaiacha dukani.

Kwa hiyo anza na teminali, vile vibano vya waya vinavyoshika vichwa vya betri. Spana namba 10 inatosha kwa magari mengi ya Kijapani tunayoendesha huku. Fungua hasi kwanza, na wakati wa kurudisha hasi iwe ya mwisho, ili spana ikigusa bodi isipige shoti. Ule unga mweupe au wa kijani uoshe kwa maji ya moto, kausha, sugua ndani ya teminali na kichwa chenyewe, kisha kaza. Ukiweza kuizungusha teminali kwa mkono, haijakaza.

Baada ya hapo ndipo upime betri, gari likiwa limelala usiku kucha. Volti 12.2 ni kama nusu. Chini ya 12 imeisha. Ikianguka chini ya 9.6 wakati wa kupiga stata ilhali imechajiwa ikajaa, hiyo kweli imechoka, nunua nyingine bila wasiwasi. Gari likiwaka, pima tena: alteneta, ile inayochaji betri injini ikizunguka, ikiwa nzima kwa kawaida inatoa 13.8 hadi 14.5. Ikibaki 12 na kitu, hata betri mpya itakufa tu. Wanaotoka Uyole hadi Kabwe na kurudi, taa na hita vikiwaka, wajue safari fupi kama hizo hazirudishi chaji yote.

Ukibusti, yaani ukiazima umeme wa betri ya gari jingine kwa nyaya, chanya kwa chanya kwanza, halafu hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho ifunge kwenye chuma cha injini ya gari lililogoma, mbali na betri. Betri hutoa gesi ya haidrojeni, na cheche moja inatosha kuilipua. Gari la otomatiki usihangaike kulisukuma.

Ikiwa ni ile "tak!" moja na taa zinang'aa, gongagonga stata taratibu kwa mpini wa spana wakati mwenzako anapiga ufunguo, breki ya mkono ikiwa juu na gia ikiwa P au huru. Likiwaka, nenda moja kwa moja kwa fundi umeme. Mwambie afungue stata aangalie kaboni zinazopeleka umeme kwenye mota na zile kopa za selenoidi, vipande vya shaba vinavyounganisha umeme, maana mara nyingi zinabadilishwa hizo tu. Akikwambia ununue stata nzima ya mtumba, mwombe kwanza akuonyeshe kilichokufa ndani.